Bibi Salme na Rudolph Ruete: Ndoa ya Unguja Iliyoishi Hamburg

Ndoa ya Sayyida Salme binti Said, mtoto wa mtawala wa Oman na Zanzibar, na Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, ilifungwa Aden tarehe 30 Mei 1867. Ilidumu miaka mitatu na miezi michache tu, nayo ikavunjwa na mauti. Katika muda huo mke alibadilisha dini, jina, mavazi, chakula na nchi, na mume akawa karibu mtu pekee aliyeweza kuzungumza naye. Habari za ndoa hii huelezwa zaidi kwa kuanzia na kutoroka kwa Salme kutoka Unguja, kwa kuwa tukio lile liliutikisa mji mzima. Lakini yaliyofuata baadaye, yaani maisha ya kila siku katika nyumba moja ya Ujerumani, yana mafunzo makubwa zaidi. Yanaonyesha jinsi watu wawili walivyojenga makazi ugenini kwa lugha na kumbukumbu walizochangia, na jinsi makazi hayo yalivyoporomoka mmoja wao alipoondoka.

Wafanyabiashara wa Hamburg Unguja

Chanzo cha ndoa hii ni biashara. Katika miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg waligundua kwamba kauri za pwani ya Afrika Mashariki zingeweza kuuzwa Afrika Magharibi, ambako zilitumika kama fedha. Meli zao zikaanza kupakia kauri Unguja na kuzipeleka upande wa pili wa bara, zikirudi Ulaya na mawese. Kampuni ya O'Swald ilifungua nyumba yake ya biashara Unguja mwaka 1849, na Hansing ikafuata katika miaka ya 1850. Pamoja na kauri walinunua pembe za ndovu, ngozi na ufuta. Mwaka 1859 miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Majid, mtawala wa Zanzibar na kaka yake Salme, na raia wa miji hiyo wakapata haki ya kukaa na kufanya biashara Unguja chini ya balozi wao.

Mawakala wa kampuni hizo walikuwa vijana, wengi wao bila wake. Walipanga nyumba za mawe katikati ya mji, ghala chini na makazi juu, na shughuli zao ziliwakutanisha kila siku na Wahindi, Waarabu, Waswahili na mabaharia wa kila bandari. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha watu wote hao, na wakala asiyekijua hakuweza kukaa kwa muda mrefu. Rudolph Heinrich Ruete, aliyezaliwa Hamburg mwaka 1839, alifika Unguja katikati ya miaka ya 1850 akiwa bado kijana mdogo, akaifanyia kazi kampuni ya Hansing. Alipokuja kuwa jirani ya Salme alikuwa amekwisha kukaa kisiwani takriban miaka kumi, na lugha ya mji ilikuwa yake pia.

Malezi ya Salme

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Bet il Mtoni, kaskazini ya mji, ufukweni. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa asili ya Cherkess, aliyetekwa utotoni katika nchi za Kaukasia. Kwa hesabu ya Salme mwenyewe, jumba hilo lilikaliwa na watu wapatao 1,000, na Sayyid Said alipofariki mwaka 1856 alikuwa na watoto 36 walio hai. Mbele ya baba ilitakiwa kusemwa Kiarabu, lakini vyumbani na uani zilisikika Kiajemi, Kituruki, Kicherkess, Kihabeshi na Kiswahili.

Watoto wa kike walifundishwa kusoma Kurani lakini hawakufundishwa kuandika. Salme alijifunza mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa mweupe wa bega la ngamia. Ujuzi huo ulimponza mapema. Mwaka 1859 ndugu yake Barghash alipomwasi Majid, Salme, msichana wa miaka kumi na mitano hivi, aliandika barua za waasi. Uasi ulishindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akajikuta hana imani ya Majid wala, baadaye, ya Barghash, kwa kuwa alipatana na Majid baada ya uasi. Mama yake alifariki mwaka huohuo. Akabaki na mashamba yake ya karafuu na upweke mwingi, akiishi kwa muda shambani Kisimbani na Bububu kabla ya kurudi mjini.

Ujirani na kutoroka

Katika Mji Mkongwe nyumba zimebanana, na dari ya nyumba moja hutazamana na madirisha ya nyingine. Nyumba ya Salme ilipakana na ya Ruete. Urafiki ulianza kwa kuonana hivyo, kutoka juu, ukaendelea kwa kukutana, na mwaka 1866 Salme akawa mjamzito.

Hali hiyo ilikuwa ya hatari isiyo na suluhu mjini. Sheria ya Kiislamu haimruhusu mwanamke Mwislamu kuolewa na mwanamume asiye Mwislamu, na mimba ya nje ya ndoa katika ukoo wa Sultani ilikuwa fedheha ambayo ingeweza kumgharimu maisha. Wafanyabiashara wa Ulaya nao waliogopa kwamba tendo la mwenzao lingewaharibia wote. Msaada ulitoka ubalozi wa Uingereza, kwa mke wa kaimu balozi, Emily Seward, ambaye jina lake ndilo Salme alilobatizwa nalo baadaye. Agosti 1866, usiku wa shamrashamra za mwaka mpya wa Waswahili, wanawake waliposhuka pwani kuoga kama ilivyo desturi, Salme alishuka pamoja nao, akapanda mashua iliyomfikisha kwenye manowari ya Uingereza, Highflyer, iliyoongozwa na Kapteni Pasley. Meli ikang'oa nanga kuelekea Aden.

Ruete alibaki Unguja miezi kadhaa zaidi akifunga hesabu za biashara yake. Jambo hilo hueleza mengi kuhusu mipaka ya nguvu mjini. Majid hakuweza kumgusa kwa urahisi raia wa mji uliokuwa na mkataba naye, wakati dada yake hakuwa na mkataba wowote wa kumlinda.

Aden na safari ya Ulaya

Salme alikaa Aden kwa familia ya Kihispania aliyokuwa ameifahamu Unguja. Desemba 1866 alijifungua mtoto wa kiume, akaitwa Heinrich. Alipokuwa akimsubiri baba wa mtoto alifundishwa misingi ya Ukristo, na Ruete alipofika, mambo yote yalifanyika siku moja, tarehe 30 Mei 1867. Salme alibatizwa kwa jina la Emily katika kanisa la Waingereza, akafungishwa ndoa, kisha wakaondoka.

Mfereji wa Suez ulikuwa bado unachimbwa na ulifunguliwa Novemba 1869. Abiria wa wakati huo walipanda Bahari ya Shamu hadi Suez, wakakata Misri kwa reli hadi Aleksandria, wakapanda meli nyingine hadi Marseille, kisha treni ya kuvuka Ufaransa. Katika safari hii ya kwanza ya pamoja, mtoto Heinrich alifariki nchini Ufaransa, akiwa hajafikisha mwaka mmoja. Hivyo wazazi wake waliingia Hamburg katika kiangazi cha 1867 wakiwa wafiwa. Mke alikuwa na miaka 22, mume 28.

Nyumba kando ya Alster

Wanandoa hao waliishi Uhlenhorst, mtaa wa watu wenye nafasi kando ya ziwa Alster, uliokuwa ukipanuka haraka wakati huo. Hamburg ilikuwa bandari kubwa na mji wenye serikali yake, uliojiunga na Shirikisho la Ujerumani ya Kaskazini mwaka huohuo wa 1867. Matajiri wake walikuwa wafanyabiashara wa baharini, na jina la Zanzibar halikuwa geni katika ofisi zao.

Ndani ya nyumba hali ilikuwa ngumu kuliko jinsi mtaa ulivyoonekana. Mume aliondoka asubuhi kwenda mjini kwenye biashara zake, na mke alibaki siku nzima na watumishi ambao hakuelewana nao neno. Mume na mke walizungumza Kiswahili. Salme alikuwa na lugha mbili tu za kumtosheleza, Kiarabu na Kiswahili, na kati ya watu wote wa Hamburg waliomzunguka, mmoja tu ndiye aliyeweza kujibu kwa moja ya hizo. Kwa hiyo saa za kuishi kwake kama mtu mwenye maneno zilianza mume aliporudi jioni. Alijifunza Kijerumani kwa bidii, mpaka baadaye akaandika vitabu kwa lugha hiyo, lakini miaka ya mwanzo ilipita katika kusikia bila kuelewa.

Nyumba za nchi ya baridi hufungwa. Unguja alikuwa amezoea vyumba virefu vyenye madirisha kila upande, dari wazi na upepo wa bahari. Hapa palikuwa na milango, mapazia, majiko ya kupasha moto na miezi ambayo jua halionekani. Mavazi yalikuwa adhabu nyingine. Badala ya suruali, kanzu na mitalawanda, alivaa gauni zito juu ya vazi la kukaza kiuno, na viatu vya kufungwa. Mwanamke aliyelelewa kuvaa barakoa mbele ya wanaume wa nje alitakiwa sasa kuketi mezani pamoja nao uso wazi, na kwenye dhifa za jioni awaone wanawake wenzake mabega wazi. Chakula kilikuwa na nyama ya nguruwe na mvinyo, vitu ambavyo ubatizo ulivihalalisha lakini malezi hayakuwa yamevikubali.

Wenyeji walikuja kumtazama. Bintimfalme wa Kiarabu katika mtaa wa Uhlenhorst alikuwa jambo la kusimuliana, na mialiko mingi ilitokana na udadisi kuliko na urafiki. Watu walimkodolea macho barabarani na ukumbini. Alivumilia hayo kwa staha ya ukoo wake, akajifunza kupokea wageni, kuendesha nyumba na kuhesabu matumizi kama mke wa mfanyabiashara.

Jambo lililomuuma zaidi lilikuwa dini. Aliingia Ukristo kwa haraka, kwa ajili ya ndoa, bila mafundisho ya kutosha, na Hamburg hakukuta waumini wenye bidii aliowatarajia. Swala tano, mfungo wa Ramadhani na sikukuu zilizokuwa zimeupanga mwaka wake tangu utotoni ziliondoka, na kilichokuja mahali pao hakikumjaza. Katika maandishi yake ya baadaye alikiri wazi kwamba alitoka kwao akiwa Mwislamu kamili, na kwamba huko alikokwenda hakuwahi kuwa Mkristo wala Mjerumani kamili.

Watoto na kazi ya nyumba

Watoto watatu walizaliwa kwa kufuatana: Antonie Machi 1868, Rudolph Aprili 1869 na Rosalie Aprili 1870. Kila mmoja alipewa pia jina la kwao mama: Thawka, Said na Ghuza. Mtoto wa kiume alibeba jina la babu yake, Sayyid Said, na baadaye akaliunganisha na la ukoo wa baba akajulikana kama Rudolph Said-Ruete. Kwa majina hayo wazazi walitangaza kwamba nyumba yao ina pande mbili, ingawa upande mmoja haukuweza kutembelewa.

Malezi nayo yalikuwa mageni. Salme alikulia katika nyumba ambamo kila mtoto wa Sayyid alikuwa na yaya na watumwa wake. Hamburg alikuwa na watumishi wachache wa mshahara, ambao wangeweza kuacha kazi wakitaka. Tofauti hii ina uzito wake katika kumwelewa. Raha ya Bet il Mtoni aliyoikumbuka ugenini ilisimama juu ya jasho la watumwa, na mashamba ya karafuu aliyoyarithi yalilimwa na watumwa. Alipoandika kitabu chake, utumwa ulikuwa tayari unapingwa duniani kote, naye akautetea, akiwaeleza Waafrika kwa maneno ya dharau. Uchungu wake wa uhamishoni ni wa kweli, na msimamo wake huo nao ni wa kweli. Historia yake haikamiliki pasipo yote mawili.

Kifo cha Ruete

Tramu za kuvutwa na farasi zilianza Hamburg mwaka 1866, na wakazi wa mitaa ya nje kama Uhlenhorst walizitumia kwenda mjini na kurudi. Mwanzoni mwa Agosti 1870 Ruete aliruka kutoka kwenye tramu, akaanguka na kukanyagwa. Alifariki baada ya siku chache, tarehe 6 Agosti, akiwa na miaka 31. Ujerumani ilikuwa katika wiki za kwanza za vita na Ufaransa, na mawazo ya mji yalikuwa kwenye vita hivyo. Mjane alikuwa na miaka 25, mtoto mkubwa miaka miwili, mdogo miezi mitatu na ushee.

Kifo hicho kilifichua ni mambo mangapi yaliyokuwa yameshikiliwa na mtu mmoja. Lugha ya nyumba iliondoka naye, kwa kuwa watoto walikuwa wadogo mno kuzungumza na mama yao kama mtu mzima anavyozungumza na mwenzake. Sheria ya Hamburg iliwataka watoto waliofiwa na baba wawekewe wasimamizi wanaume, na mama hakuachiwa mamlaka kamili juu ya mali yao. Mwanamke ambaye Unguja alitambuliwa kuwa mtu mzima tangu umri wa miaka 12 na kumiliki mashamba kwa jina lake, hapa alihitaji idhini ya wengine. Fedha zilipungua haraka.

Mlango wa Unguja nao ulifungwa zaidi. Oktoba 1870 Majid alifariki na Barghash akatawala. Kwa sheria ya Kiislamu aliyetoka katika dini hamrithi Mwislamu, na Barghash alishika hoja hiyo kila dada yake alipodai fungu lake katika mirathi ya ndugu waliofariki. Nyuma ya hoja ya sheria palikuwa pia na kinyongo cha mwaka 1859.

Miaka ya ujane

Salme aliondoka Hamburg mwaka 1872, akaishi Dresden, Rudolstadt na Berlin, akifundisha Kiarabu ili kuongeza kipato. Mwaka 1875, Barghash alipozuru London, Salme alisafiri kwenda huko kutafuta suluhu naye. Serikali ya Uingereza haikutaka ugomvi wa kifamilia uingilie ziara hiyo, na Salme akarudi bila kuonana na ndugu yake.

Miaka kumi baadaye ikawa zamu ya Ujerumani kumhitaji. Mwaka 1885 Bismarck alikuwa akimshinikiza Barghash akubali madai ya kampuni ya Mjerumani Carl Peters juu ya ardhi ya bara, na raia wa Ujerumani aliyezaliwa binti wa Sayyid Said alikuwa kisingizio cha kufaa. Agosti mwaka huo Salme alifika Unguja pamoja na watoto wake, nyuma ya manowari za Kijerumani. Alitembea mitaa aliyoikimbia miaka 19 kabla, na watu wengi walimlaki kwa furaha, lakini Barghash hakumpokea. Sultani alipokubali matakwa ya Ujerumani, madai ya Salme yaliwekwa kando. Alijaribu tena mwaka 1888, baada ya kifo cha Barghash, nako hakufaulu. Kuanzia hapo alichagua kuishi karibu zaidi na ulimwengu wa Kiarabu, kwanza Jaffa, kisha Beirut kuanzia 1892 hadi 1914, kabla ya kurudi Ujerumani.

Maandishi na kizazi

Kumbukumbu zake zilichapishwa Berlin mwaka 1886 kwa jina la *Memoiren einer arabischen Prinzessin*. Kitabu hicho kinasimulia zaidi maisha ya kasri, elimu, harusi, maradhi na sikukuu za Unguja, na hakina mengi kuhusu ndoa yake. Habari za Hamburg aliziweka katika maandishi mengine, yenye umbo la barua kwa rafiki wa kike aliyeko kwao, ambayo hayakuchapishwa akiwa hai. Yalitolewa katika miaka ya 1990, na kwa sababu yake wasomaji wa leo wanaweza kujua jinsi siku ilivyopita katika nyumba ya Uhlenhorst.

Watoto waliendelea na maisha ya nchi mbalimbali. Antonie aliolewa mwaka 1898 na Eugen Brandeis, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani wa Visiwa vya Marshall, wakaishi Jaluit katika bahari ya Pasifiki. Mwaka 1907 alichapisha kitabu cha mapishi kwa ajili ya akina mama wa Kijerumani walioishi katika makoloni, akieleza jinsi ya kupika na kutunza nyumba katika nchi za joto. Mama alikuwa amehamia baridi bila mwongozo wowote na bila dola nyuma yake. Binti alihamia joto akiwa mke wa mtawala, na akawaandikia wengine mwongozo. Rudolph alikuwa mwanajeshi, baadaye akajishughulisha na historia ya ukoo wa mama yake, akaandika kitabu juu ya babu yake Sayyid Said kilichotoka London mwaka 1929.

Uhusiano wa Salme na ukoo wa baba yake, wa Busaid, ulirekebishwa kwa sehemu tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, chini ya Sultani Khalifa bin Harub, serikali ya Zanzibar ilimpa Salme posho ndogo. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, na majivu yake yakazikwa katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, pamoja na mumewe. Unguja, Makumbusho ya Kasri yalimtengea chumba, na mwaka 2015 ikafunguliwa nyumba ya makumbusho yenye jina lake katika Mji Mkongwe. Hamburg iliuita uwanja mmoja wa Uhlenhorst kwa jina la Emily Ruete mwaka 2019, na mwaka uliofuata ikaamua kulifuta kwa sababu ya maandishi yake ya kutetea utumwa.